Mikeka Niliyoazima kwa Ajili ya Sungura

Walisema sitaweza. Walisema hivyo nilipopanda basi kwenda Sauzi, Afrika Kusini, na begi moja. Wakasema hivyo waliposikia kwamba mchana nafanya kazi na jioni nasoma chuo. Niliporudi na stashahada yangu ya majokofu na viyoyozi walinyamaza kidogo, kisha wakapata jambo jingine: nilipoanza kujenga Madale walisema nitaishia kwenye msingi. Nyumba ikaisha, ikaezekwa, ikapigwa marumaru chumba hadi chumba. Nikadhani sasa maneno yamewaishia. Kumbe walikuwa wameniwekea moja la mwisho, kwamba sitaweza kumkalisha sungura ndani ya nyumba.

Sungura! Mimi ambaye hoteli za Msasani hunipigia simu mafundi wengine wakishakata tamaa na vyumba vyao vya barafu. Mimi niliyejenga bila kumsubiri mjomba wala shangazi. Leo hii nipimwe kwa sungura.

Aliyelitoa neno hilo ni mama mkwe. Bado namwita hivyo, ingawa binti yake, aliyenizalia mtoto, aliolewa na mtu mwingine nikiwa huko huko Sauzi na sasa anaishi mkoani. Mtoto wetu wa kike alibaki kwa bibi yake Temeke. Nilimwacha hajaanza kutambaa, nikamkuta ana sare ya shule na maswali mengi. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo," lakini hakuongeza kitu baada ya hapo. Hakuna shikamoo baba. Shikamoo tu, kama unavyomwamkia mzee wa dukani.

Nilikwenda Temeke kumwomba. Nilivaa shati la kupiga pasi, nikabeba sukari na mchele, nikakaa nilipoelekezwa.

"Mama, nyumba imekwisha. Chumba cha mtoto kipo, kitanda kipo. Naomba aje akae na mimi."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele wenyewe niliouleta. Hakuinua macho.

"Umewahi kulea nini, baba?"

"Mama, nimelea maisha yangu mwenyewe tangu..."

"Sikuulizi maisha. Nakuuliza kiumbe. Chenye kula na kunya."

Mtoto alikuwa mlangoni, amekumbatia tenga la kuku. Ndani ya tenga hakukuwa na kuku. Kulikuwa na sungura wa kijivu, masikio yamelala mgongoni, anapumua kama aliyetoka kukimbizwa. Kumbe alimkuta sokoni akiuzwa kwa ajili ya mboga, muuzaji kamning'iniza kwa masikio, akalia mpaka bibi akamnunua. Lakini ule ua wa Temeke una paka wa wapangaji sita, na wapangaji wenyewe wameshaanza kuuliza atachinjwa lini.

"Haya," akasema mama mkwe, "mchukue huyu. Akikaa kwako mpaka shule zifunge, mzima, ametulia, na mtoto nitamleta. Akifa, basi tusisumbuane."

"Mama, mtoto wangu unamlinganisha na mnyama?"

"Mie simlinganishi mtoto. Nakulinganisha wewe."

Niliondoka Temeke na tenga mapajani, nimefura kwa hasira. Mtoto alinifuata mpaka getini na kuniambia jambo moja tu: "Asilale nje." Nikamwambia hatalala nje. Sikuhitaji kuambiwa. Madale nje kuna siafu, kuna kicheche, kuna mbwa wa jirani, na kuna majirani.

Kwa hiyo sungura akaingia ndani. Nilimfungulia tenga sebuleni, katikati ya marumaru zangu nyeupe, nikategemea atazunguka aione nyumba. Alitoka, akapiga hatua, miguu yote ikaenda kila mmoja upande wake, akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena, akateleza mpaka kwenye mguu wa kochi. Akajikusanya, akapiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo kama mtu anayegonga meza, kisha akatambaa kwa tumbo mpaka nyuma ya friji. Hakutoka tena.

Niliweka karoti, haikuguswa. Niliweka maji, nikayakuta vilevile. Kila nilipoinama na kuingiza mkono nimtoe, alijibana zaidi ukutani, na nilisikia meno yake yakisagana. Kesho yake asubuhi bado hakuwa amekula, na mtu yeyote aliyewahi kufuga sungura anajua kwamba sungura asiyekula si jambo la kusubiri.

Majirani walishapata habari. Fundi ujenzi anayekaa upande wa chini aliniona nikichuma nyasi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Braza, hivi ni kweli umempangisha sungura? Analipa kodi?"

"Ni wa mtoto."

"Mtoto gani? Wewe una mtoto? Sisi tunajua una friji tu. Haya Baba Sungura, siku ya pilau usitusahau."

Baba Sungura. Nimejenga kwenye mtaa huu, nimewatengenezea mafriji yao kwa bei ya kirafiki, hakuna aliyewahi kuniita Baba chochote. Sungura kalala nyumbani kwangu usiku mmoja, na jina limepatikana.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba hakuna atakayejua tena shughuli zangu. Nilikuwa nimeshaelewa tatizo, maana kuelewa tatizo ndiyo kazi niliyosomea. Sungura hana nyayo za kushika marumaru. Kwenye sakafu inayoteleza hawezi kukimbia, na mnyama asiyeweza kukimbia hawezi kutulia. Dawa yake ni kufunika sakafu. Zulia sina, silipendi, linakusanya vumbi. Mikeka, ndiyo. Mikeka ya ukindu, mikavu, inayokwaruza.

Basi asubuhi ile nikapita nyumba kwa nyumba kuazima mikeka.

"Hodi hapa. Shikamoo mama. Naomba uniazime mkeka."

"Marahaba. Kuna nini mwanangu?"

"Kuna shida kidogo nyumbani."

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Niliona ni ustaarabu. Niliona hata watu wa Madale wanaweza, wakitaka, kuheshimu faragha ya mtu. Mama wa nyumba ya pili, mama wa Kichaga mwenye duka la unga, alinipa miwili badala ya mmoja na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Bibi mmoja wa Kimakonde aliyekuwa ameketi barazani kwake alikunja mkeka aliokuwa amekalia, akanipa, akabaki kwenye saruji. Nilipoagana naye alitikisa kichwa. Nilijiuliza wameingiwa na upole gani leo.

Nilitandika sebule yote, nikatandika korido, nikatandika mpaka chini ya friji. Kisha nikalala kifudifudi, shavu kwenye mkeka, tochi ya simu mkononi, nikachungulia. Nyuma ya friji kuna vumbi la mwaka mzima, nalo lilinipanda puani na machoni. Ndivyo nilivyokuwa, nalia machozi na kupiga chafya, niliposikia hodi.

Niliinuka. Mlangoni kulikuwa na akina mama wanane au tisa, kanga zimefungwa kiunoni, nyingine vichwani. Nyuma yao wanaume walikuwa wanashusha viti vya plastiki kutoka kwenye toroli, na fundi ujenzi yule yule alikuwa juu ya ngazi anafunga turubai kwenye nondo za ukuta wangu.

Mama wa duka la unga alinikumbatia kabla sijafungua mdomo.

"Pole, baba. Jikaze. Wewe ni mwanaume."

"Nijikaze nini?"

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Mwanzoni mtu haamini."

"Mama, hakuna aliyekufa hapa."

"Ndiyo, ndiyo. Usiongee sana. Kaa."

"Nawaambia hakuna msiba!"

"Muacheni," mwingine akasema kwa sauti ya chini. "Wangu alivyoondoka mie nilikuwaga nampikia chai wiki nzima."

Naomba msomaji anisaidie hapa, maana mpaka leo sijapata jibu. Mtu aliyesoma, mwenye nyumba yake, hawezi kuazima mkeka mpaka afiwe? Akiazima ngazi, hamsemi amekufa mtu. Akiazima koleo, mnasema anajenga. Akiazima mikeka miwili mitatu na kuitandika kwake, mtaa mzima unafunga biashara. Ndiyo, najua kwamba katika mitaa yetu mikeka ikikusanywa asubuhi na mwenye nyumba hasemi sababu, sababu ni moja. Lakini macho wanayo na midomo ya kuuliza wanayo. Siku nyingine zote wanauliza hadi nimekula nini.

Wakaingia. Walivua viatu mlangoni vikajaa, wakaketi kwenye mikeka yao wenyewe kuzunguka kuta za sebule yangu, miguu imenyooshwa, kanga zimefunika magoti. Walikuwa wamekuja na mchele, na kuni, na mafungu ya mchicha yaliyofungwa kwa ukili, wakayaweka katikati. Halafu wakanyamaza. Walinyamaza kwa sababu hawakujua waanzie wapi: hakuna aliyejua marehemu ni nani, wala ni wa dini gani. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alifungua mdomo aanzishe pambio, mwenzake akamgusa goti: ngoja, huenda ni Waislamu. Bibi wa Kimakonde aliinua mikono kuomba dua, akaishusha: huenda ni Wakristo. Wakabaki wanatazama chini.

Makochi yangu yalikuwa yamesukumwa nje uani kwa heshima ya marehemu. Sikuwa na pa kukaa. Hasira ilinichosha miguu, nikaketi chini pamoja nao, mgongo ukutani. Tangu niingie kwenye nyumba ile sikuwahi kuketi chini. Mtu akinunua makochi ni ili akae juu yake.

Nilikuwa napanga maneno makali. Nilikuwa nimefika kwenye neno la tatu au la nne niliposikia ukindu ukikwaruzwa. Kraa, kraa. Pua ilitokea pembeni ya friji, inacheza. Yakafuata masikio, moja limesimama, moja limelala.

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeinama juu yake kama nilivyokuwa nikimwinamia mimi na urefu wangu wote tangu jana. Watu wote walikuwa chini, kimya, hawamtaki kwa lolote. Sungura akapiga hatua moja kwenye mkeka, mguu ukashika. Akapiga nyingine. Akaruka, akatua, akajitazama kama anayeshangaa kwamba hakuanguka. Kisha akaenda moja kwa moja katikati ya sebule, akapitia mbele ya miguu ya waombolezaji, akafikia mchicha wa msiba na kuanza kula.

Alikula kama aliyekodiwa. Jani lilikuwa linaingia mdomoni kama karatasi kwenye mashine. Mimi, ambaye sikuangusha chozi siku ile basi lilipoondoka Ubungo, nilifuta macho yangu tena, na safari hii vumbi lilikuwa mbali.

Mama wa duka la unga alinisogelea sikioni. "Baba, huyu mnyama anakula mboga ya marehemu."

"Hakuna marehemu," nikanong'ona. "Mikeka niliazima kwa ajili yake. Anateleza."

"Nini?"

"Marumaru zinateleza. Hakuwa amekula tangu jana. Tafadhali msiinuke."

Habari ikapita kutoka sikio hadi sikio kuzunguka ukuta. Niliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine, kama taa zinazowashwa. Walikasirika, na walikuwa na haki kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kupaza sauti, kwa kuwa sungura alikuwa bado anakula na kila mmoja aliona jinsi anavyokula. Nikagombezwa kwa kunong'onezwa.

"Wewe baba una adabu? Nimefunga duka!"

"Mama, niliwaambia hakuna msiba. Niliwaambia mlangoni."

"Uliniambia una shida nyumbani, nikakupa mkeka niliokalia. Sasa hivi kiuno kinaniuma, kwa sungura!"

"Bibi, shusha sauti, atakimbia."

"Nimeshusha! Ningepandisha ungenisikia!"

Hapo ndipo kilio kilipotokea getini. Bajaji ilisimama na mwanamke akashuka analia kwa sauti ile inayoanza juu na kushuka kama ndoo ya kisimani. Watu wote sebuleni waligeuka mlangoni kwa pamoja, kidole mdomoni: "Shhh!"

Alikuwa mama mkwe. Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla sijakwenda Temeke alishamleta mtoto kuiona nyumba nikiwa kazini, akamwachia mama wa duka namba yake ya simu kwa siri, ikitokea lolote. Yaani nilikuwa nachunguzwa. Mama wa duka alipoona mikeka inakusanywa, alipiga Temeke kusema kwa baba wa mjukuu wako kuna msiba. Na kwa kuwa naishi peke yangu, mama mkwe alihesabu nani wa kufa kwenye nyumba ile akapata mtu mmoja.

Nyuma yake alikuwa mtoto, amevaa sare bado, kiatu kimoja hakijafungwa. Alipita katikati ya viatu vya watu bila kuvua chake. Aliniona nimeketi ukutani, mzima, na mchicha umeshikamana na suruali. Alisimama. Kisha akaja akashika mkono wa shati langu, akaukunja ngumini mwake, akasema, "Baba."

Akasema mara moja tu na hakuongeza.

Mama mkwe, ambaye kilio kilikuwa kimekatwa njiani na vidole vya watu, alinitazama, akautazama umati, akamtazama sungura. Alipozungumza alinong'ona kama wengine wote.

"Umenitoa Temeke na machozi yangu kwa sababu ya huyu?"

"Mama, mie sikumwita mtu. Waulize hawa."

"Kanga ya msiba nimevaa. Majirani nimewaaga."

"Mama, kaa kidogo. Kaa chini taratibu."

Akaketi. Hakutaka, lakini ndivyo mtu anavyofanya akikuta watu wamekaa. Sungura alimaliza fungu, akajifuta uso kwa mikono yake miwili, akazunguka akitafuta mahali, kisha akajilaza ubavu kwenye upindo wa kanga ya mama mkwe, miguu ameitupa nyuma. Sungura mwenye hofu hajilazi hivyo. Hilo hata mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Alikaa bila kusogeza mguu kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama aliyeonewa.

"Shule bado hazijafunga," akasema hatimaye.

"Najua, mama."

"Nasema tu."

Mchele ulipikwa, kwa kuwa ulikuwa umeshaletwa. Wanaume walikula chini ya turubai wakinicheka kwa sauti ya kutosha kufika Tegeta. Nilikula nimekaa kwenye mkeka sebuleni, mtoto ubavuni, na nilikuwa bado na hasira.

Kazi iliyobaki niliifanya kama ninavyofanya kazi zangu zote. Nyaya zote za chini nilizipitisha kwenye paipu, maana alishaanza kuonja ya televisheni. Friji langu likiwaka lilikuwa linatikisika na sungura anaruka kila mara, kwa hiyo nilitoa kompresa, nikaiwekea raba mpya na kuifunga upya, ikawa inawaka usisikie. Sijui kama kuna sungura mwingine Dar es Salaam aliyetengenezewa friji. Nilipanda mchicha nyuma ya nyumba. Na kila jioni niliketi chini, nikala chakula changu kwenye mkeka bila kumtazama, naye alikuja mwenyewe, kwanza akanusa kisigino, halafu goti, halafu siku moja akaweka kidevu chake kwenye mguu wangu akakisugua, kama anayesema huyu ni wangu.

Tatizo likawa mikeka. Sungura aliyetulia ni sungura anayetafuna. Alianza na pindo, akaendelea na kingo, mwingine akautoboa katikati. Sikuweza kuirudisha vile, na wenyewe hawakuacha kuiulizia.

"Baba Sungura, mkeka wangu umebaki ukubwa gani?"

"Baba Sungura, kuna mtu kafiwa huko chini, tukamwambie aje akae kwenye kipande?"

Nilivumilia. Shule zilipofunga, mama mkwe alikuja na mtoto na begi. Alipita vyumba vyote. Alifungua friji. Alimwinua sungura, akamshika chini ya kifua na chini ya makalio kama alivyofundishwa na mjukuu wake, akampima uzito kwa mikono.

"Amenenepa," akasema.

"Amenenepa, mama."

"Mtoto hapendi kulala bila taa." Akaweka begi kwenye kitanda.

Wiki hiyo nilipata kazi Kimbiji, kwenye friza la samaki la kikundi cha akina mama. Walipouliza nitataka nini, nikawaambia mikeka. Walidhani natania. Nilirudi na mikeka mipya juu ya pikapu, na usiku huo mtoto alikaa katikati yake akihamisha alama: kila mkeka wa Madale ulikuwa na kipande cha kanga kilichoshonwa kwenye pembe ili mwenyewe autambue, naye alikifumua kwenye ule wa zamani na kukishona kwenye mpya.

Asubuhi nilichukua mikeka begani. Mtoto akaniambia ningoje.

"Unarudisha hivihivi? Bibi akirudisha sahani ya mtu huwekaga kitu."

"Huu ni mkeka. Mkeka hauwekwi kitu."

"Unawekwa ukiukunja."

Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na mchicha, akakunja fungu moja ndani ya kila mkeka, majani yametokeza kila upande. Tukatoka. Nyumba kwa nyumba, hodi kwa hodi, kila aliyeniazima alipata wake, mpya, na mboga yake ya msiba ndani. Fundi ujenzi alitaka kucheka, akamwona mtoto, akaufungua mkeka, akaupapasa, akasema huu ni ukindu wa kweli. Bibi wa Kimakonde aliutandika papo hapo na kuukalia.

Wa mwisho alikuwa mama wa duka la unga, ambaye alinidai miwili. Tulisimama mlangoni.

"Hodi!"

Akachungulia dirishani. Nilisubiri jina langu la mtaani, na jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni. Akamtazama mtoto aliyebeba mkeka kichwani, halafu akaniita Baba, na baada ya Baba akatamka jina la binti yangu.

"Karibuni," akasema.

Binti yangu ndiye aliyeitika.